Bunduki ya Upepo na Fundi Wake

Mtu akiisikia bunduki ya upepo ikitajwa, aghalabu hudhani ni kitu cha kuchezea watoto au cha kufukuzia ndege shambani. Dhana hiyo si sahihi, na yapasa iondolewe hasa kwetu sisi wakazi wa visiwani, ambao twaishi na hewa iliyobanwa ndani ya mitungi ya chuma bila kuifikiria sana. Tunaizungumzia silaha hii leo kwa kuwa historia yake yaonyesha waziwazi tofauti baina ya kununua chombo na kukimiliki. Kwa maoni yetu, asiye na fundi, vipuri wala kipimo hajamiliki kitu, hata kama stakabadhi ya malipo anayo mkononi.

Mwaka 1780 jeshi la Austria lilikubali kutumia bunduki iliyobuniwa na Bartholomäus Girandoni, fundi kutoka milima ya Tirol. Kwa lugha yao waliiita Windbüchse, yaani bunduki ya upepo. Haikutumia baruti hata chembe. Kitako chake kilikuwa ni tangi la chuma lililojazwa hewa kwa pampu ya mkono, na ubavuni mwa mtutu palikuwa na mwanzi wenye risasi 20. Askari aliinua mdomo wa bunduki juu, akasukuma kipande kimoja cha chuma, risasi ikaingia mahali pake, naye akapiga. Wakati huo huo mwenzake mwenye gobori alikuwa akimimina baruti na kushindilia, akapiga mara mbili au tatu kwa dakika, na moshi ukamfichua kwa adui. Bunduki ya Girandoni haikutoa moshi wala mwako.

Silaha yenye sifa hizo ingetazamiwa kutawala viwanja vya vita kwa muda mrefu. Walakini kufikia mwaka 1815 ilikuwa imekwisha kuondolewa jeshini.

Haikushindwa na adui. Kulijaza tangi moja kulihitaji kusukuma pampu kiasi cha mara 1,500. Likijaa, lilitosha kwa mapigo kama 30 yenye nguvu, kisha nguvu ikazidi kupungua. Askari walipewa matangi ya akiba, lakini matangi yenyewe yalikuwa magumu kutengenezwa na mepesi kuvuja. Ngozi za kuzibia zilitakiwa kuwa na unyevu kila wakati. Zikikauka, hewa ilipotea, na askari akabaki na rungu la gharama kubwa. Kila kasoro ilitaka mtu aliyefunzwa kazi hiyo mahususi, na watu hao walikuwa wachache mno. Silaha zilizotengenezwa zilikaribia 1,500 kwa makisio ya wataalamu. Zilipelekwa vitani, lakini mafundi hawakutosha kuzifuata.

Wakati huo huo, ng'ambo ya Bahari ya Atlantiki, silaha ya namna hiyo ilipata bahati tofauti. Mwaka 1803 Kapteni Meriwether Lewis, aliyetumwa na Rais Thomas Jefferson wa Marekani kuongoza msafara hadi Bahari ya Pasifiki, alichukua bunduki moja ya upepo, ambayo watafiti wengi wanaamini ilikuwa ya Girandoni. Tarehe 30 Agosti mwaka huo, karibu na Pittsburgh, alisimama katika kisiwa kimoja cha Mto Ohio akawaonyesha watu namna inavyofanya kazi. Mtu mmoja asiyeijua akaishika, ikafyatuka, na risasi ikapenya kofia ya mwanamke aliyekuwa umbali wa yadi 40, ikamchana kipajini. Damu ilitoka nyingi, na wote wakadhani amekufa. Kwa bahati alizinduka, na jeraha likaonekana si la hatari. Hicho ndicho kitu ambacho baadhi yetu twakiita cha watoto.

Bunduki hiyo iliendelea na safari. Tarehe 10 Juni 1805, katika nyika ambako hapakuwa na duka wala kiwanda, John Shields, mhunzi wa msafara, aliitengenezea springi kuu mpya. Lewis aliandika katika shajara yake kwamba ustadi wa mtu huyo umewafaa mara nyingi. Jeshi la dola kubwa lilikuwa na silaha nyingi na mafundi haba. Msafara huu ulikuwa na silaha moja, na fundi wake alikuwa papo hapo.

Bunduki za kujazwa hewa kabla ya kupigwa zilirudi kwa nguvu nchini Uingereza katika miaka ya 1980. Kampuni ya Daystate, iliyoanza kwa bunduki za kupigia wanyama sindano za usingizi, ilitoa bunduki iliyoitwa Huntsman. Bunduki za wakati huo sasa zina umri wa miaka 40 hivi, na wako wanaozienzi kama baadhi yetu wanavyoienzi baiskeli ya Raleigh ya babu.

Lakini baiskeli haina hatari ya namna hii. Tangi la bunduki hizo huweza kujazwa hadi karibu baa 200, yaani mara 100 ya nguvu iliyomo ndani ya gurudumu la gari dogo. Mwenye busara humpelekea kwanza fundi anayezijua, tangi likatolewa hewa yote, likafunguliwa na kutazamwa kutu kwa ndani, na pete zote za mpira zikabadilishwa. Hujaza hewa kavu, maana unyevu hula chuma mahali ambapo jicho halifiki. Hamimini mafuta ya mashine kila palipo na mlio, kwa kuwa mafuta hayo yakikutana na hewa iliyobanwa ghafla yaweza kuwaka. Hutumia grisi ya silikoni, tena kidogo. Havuki alama ya kiwanda, na halegezi parafujo hata moja huku hewa imo ndani. Ama kutumia oksijeni ya hospitali badala ya hewa, huko ni kuuita mlipuko nyumbani.

Waingereza wenyewe hawalichukulii jambo hili kimzaha. Bunduki ya upepo yenye nguvu kupita kiwango cha sheria huhitaji cheti cha polisi, na huko Uskoti, tangu tarehe 31 Desemba 2016, hata nyingi zilizo chini ya kiwango hicho hutaka leseni. Anayetamani kuwa nayo hapa kwetu na aanzie kituo cha polisi, asianzie bandarini.

Watatokea wa kusema: tupeni bunduki hizo tuwamalize kunguru. Kunguru wa Kihindi waliletwa Unguja mwishoni mwa karne ya 19 ili wale taka, na sasa ni adha. Lakini kunguru ni mwerevu, hukariri sura ya anayemwinda. Na risasi iliyomkosa haikosi pa kuangukia katika mitaa yenye watoto. Taka zizolewe kwanza.

Kwa viongozi na watendaji tuna la kuomba. Mitungi ya wazamiaji wa Unguja, Pemba na Mafia hubeba hewa yenye nguvu kama ya bunduki hizo, nayo hukaa karibu na chumvi mwaka mzima. Uingereza mtungi wa mzamiaji hupimwa kwa nguvu ya maji kila miaka 5, na katikati ya muda huo hutazamwa ndani. Tarehe hugongwa juu ya chuma chenyewe. Ofisa anayetia saini ununuzi wa mitungi, pampu za hewa au injini za boti aulize nani atavitunza, vipuri vitatoka wapi, na fundi atafunzwa kwa fungu gani. Ombi lisilo na majibu hayo lirudishwe kwa mwombaji kabla fedha za wananchi hazijatoka.

Naye mwenye mtungi nyumbani autazame shingoni. Ikiwa tarehe ya kupimwa imepita au haisomeki, asiupeleke kujazwa.