Mwogesheni kasuku, lakini si katika beseni la vyombo

Ugomvi umefika mpaka redioni kwetu. Katika kambi moja ya wakimbizi wa ndani, hapa pembeni ya mji wa Kalemie, mama mmoja ana kasuku wa kijivu aliyekimbia naye vita. Kila Jumamosi anamwogesha. Majirani wamechukia: watu wanapanga bidoni kwenye robine tangu alfajiri, halafu yeye anamwagia ndege maji! Wengine wanataka rais wa kambi amlazimishe kumuuza. Tulilizungumza hewani, simu zikawa nyingi kuliko muda, kwa hiyo naandika hapa. Ni maoni yangu mwenyewe, si ya redio.

Kwa habari ya maji, niko upande wa mama. Kwa habari ya beseni, niko upande wa majirani.

Kasuku mzima ana uzito wa gramu 400 hivi. Hana haja ya ndoo. Kikombe kimoja kinamtosha: chukua chupa ya plastiki, toboa kifuniko kwa sindano, mnyunyizie kutoka juu maji yaanguke kama manyunyu, wala usimlenge usoni. Akipenda atafungua mabawa na kuinamisha kichwa. Akikimbia, mwache, jaribu siku nyingine. Kumkamata na kumzamisha kwa nguvu ni kumtesa, tena atakuuma, na mdomo wa kasuku unavunja kokwa la ngazi. Mara moja au mbili kwa juma inatosha. Sasa niambieni, kikombe kimoja kwa juma kinarefusha vipi foleni ya robine? Foleni ni ndefu kwa sababu robine ni chache. Mwenye hasira ya maji ana haki ya kuwa nayo, ila aipeleke kwa wanaopaswa kuongeza robine, asiipeleke kwa ndege.

Wengine walisema kwenye simu kwamba kuogesha ndege ni maringo ya watu walioshiba. Hapana. Kasuku wa kijivu ana manyoya laini ya ndani yanayosagika kuwa unga mweupe. Mpapase, vidole vitabaki vyeupe kama umeshika chaki. Porini mvua ndiyo inayomsafisha. Chini ya turubai, pale watu sita wanapolala kwenye mikeka miwili, unga huo hauna pa kwenda. Unatua kwenye mkeka, kwenye sufuria, unaingia vifuani mwa watoto. Kiangazi ni vibaya zaidi, mvua hakuna na upepo wa ziwa unapeperusha vumbi kila upande. Kwa hiyo ndege aliyeoga ni nafuu kwa hema zima. Mwenye mtoto wa pumu ajue kwamba hata kuoga hakumalizi unga wote, na ndege asilale chumba kimoja na mtoto huyo.

Lakini beseni! Mama alisema mwenyewe kwamba anatumia lile la kuoshea sahani, kisha analisuuza. Hapo majirani wana haki. Kasuku anapooga ananya, na kinyesi hicho kinabaki pale pale zitakapowekwa sahani za watoto. Sisi ni watu wa Kalemie, mji ambao kipindupindu kinarudi tena na tena. Tumefundishwa kunawa mikono, kutia klore katika maji, kutenga vyombo. Hatuwezi kuacha mafunzo hayo mlangoni kwa sababu ndege ni mzuri. Na maji ya kumwogeshea yawe yale yale safi ya kunywa, kwa kuwa anapooga anakunywa. Msimpeleke ziwani wala mtoni Lukuga, na msimwogeshe karibu na mahali pa kuteka maji.

Sabuni isitumike kabisa, wala ya kufulia wala ya mtoto. Karibu na mkia kasuku ana tezi ya mafuta ambayo anayapaka kwenye manyoya kwa mdomo. Sabuni inaondoa mafuta hayo, na iliyobaki anailamba. Aogeshwe asubuhi, jua likiwa limepanda, nje ya hema, ili akauke kabla ya baridi ya jioni. Masika kazi ni rahisi zaidi: mvua ndogo isiyo na radi ikianza, toa kizimba nje kwa robo saa. Ni bure, na hakuna jirani wa kulalamika.

Nirudi kwa wanaosema auze. Amuuzie nani? Kasuku hawa hawazaliwi katika vizimba vya mjini. Wengi wanategwa kwa ulimbo katika misitu ya Maniema na Tshopo, na kuna wanaokufa kabla hawajafika sokoni. Mateso hayo ndiyo yaliyofanya nchi zilizokutana Johannesburg mwaka 2016 chini ya mkataba wa CITES zimpandishe kasuku wa kijivu kwenye orodha ya juu kabisa ya ulinzi, na tangu Januari 2017 biashara ya kimataifa ya kasuku waliokamatwa porini imezuiwa. Kila anayenunua mmoja anamwambia mtegaji arudi msituni. Kwa hiyo wewe ambaye huna kasuku, usitafute. Lakini huyu wa kambini amekwisha kuzoea watu, na kumwachia hapa kando ya ziwa, mbali na kundi lake, ni kumtupa. Anaweza kuishi zaidi ya miaka 40, basi tuzoeane naye. (Kuna mmoja mjini anayeiga jinsi ninavyoaga mwisho wa habari. Wenye nyumba wanasema anafanya vizuri kuniliko.)

Jambo moja halikuulizwa na mtu hata mmoja, nami naona ndilo kubwa. Kuna ugonjwa unaoitwa psitakosi, unaomwingia mtu kwa kuvuta vumbi la kinyesi kikavu cha ndege mgonjwa. Kwa hiyo kizimba kisifagiliwe kikavu: kilowanishe kwanza, kisha kwangua, kisha nawa mikono kwa sabuni. Dalili zake ni homa, kichwa, maumivu ya mwili, kikohozi kikavu. Hapa kwetu homa ikija tunaiita malaria kabla hata ya kupima. Ukienda kituo cha afya na kipimo cha malaria hakioneshi kitu, mwambie muuguzi: nyumbani kuna kasuku. Hawezi kulikisia hilo, na ugonjwa huu unatibika kwa antibiotiki ukijulikana mapema.

Mama wa kambini, beseni jipya si lazima. Tafuta bidoni ya zamani iliyopasuka juu, ikate katikati, itie alama ya makaa, na iwe ya ndege peke yake.