TUSIVUMILIE PIKIPIKI INAYOTETEMEKA



Siku hizi kila anayeshuka kwenye pikipiki ya chama anakung'uta vidole. Ganzi tupu! Wengine wamezungushia matambara kwenye mishikio, wengine wanasema ndivyo pikipiki zilivyo. Sisi tunasema hapana. Injini ya pistoni moja lazima itikisike kidogo, lakini siyo mpaka nati zidondoke njiani. Leo ni ganzi, kesho keria itakatika mteremkoni na gunia la mbolea juu yake. Mgonjwa wa kupelekwa zahanati siku hiyo atabebwa na nini?

Kabla ya kupeleka hela za chama kwa fundi wa mjini, tujue kwanza kosa liko wapi. Simamisha pikipiki, weka frii, ongeza moto pole pole. Ikitetemeka sana palepale, angalia upande wa injini. Zima, iache ipoe, kisha pitia kwa spana boliti zote zinazoshika injini kwenye fremu, na zile za ekzosi. Iliyolegea ikazwe, iliyopotea inunuliwe. Usichomeke bomba kwenye spana ili upate nguvu, utakata boliti bure.

Ikitulia palepale lakini ikatetemeka mwendoni tu, basi angalia upepo wa matairi, spoki, nati za ekseli na cheni. Cheni iliyokazwa mno ni mbaya sawa na iliyolegea. Kitabu cha pikipiki kinataja kipimo chake.

Hayo yakiisha, ndipo ukate tyubu kuukuu, uweke vipande chini ya kibao cha namba na madigadi. Tambara kwenye mshikio siyo matengenezo, ni kuficha ugonjwa. Tena likibana upande wa kulia, moto haurudi, na hapo ni hatari.

Sasa tuseme ukweli. Kazi hii haifanyiki kwa sababu spana zimefungiwa stoo na ufunguo unatembea na mtu. Tunapendekeza spana namba 10, 12, 14 na 17 zikae ofisini, ziandikwe kwenye daftari, na kila dereva akague pikipiki kila Jumamosi kabla ya kuikabidhi. Anayesema "hiyo kazi ya fundi" akumbuke fundi analipwa kwa mahindi yetu.

Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kamati ya Ubao