Tuanze na Mlima Ulio Nyuma ya Shule

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe dukuduku langu kuhusu ufundishaji wa jiografia. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Ugweno, katika Milima ya Upare Kaskazini. Muulize mwanafunzi wangu yeyote urefu wa Kilimanjaro, atajibu upesi: mita 5,895. Muulize Kindoroko, kilele kinachovizidi vyote katika safu hii anayoikanyaga kila siku, atakutazama tu. Simlaumu. Hata mimi chuo cha ualimu nilichora mito ya Ulaya kabla sijaujua Mto Lumi.

Juzi niliwapandisha watoto kilimani. Chini tuliliona Ziwa Jipe, na ng'ambo yake nchi ya Kenya. Mmoja akauliza mpaka uko wapi. Nikamweleza kwamba Waingereza na Wajerumani waliuchora kwenye ramani mwaka 1886. Akauliza tena, "Na maji je, Mwalimu?"

Swali hilo halimo kitabuni. Lumi hutoka Kilimanjaro, hupita Taveta upande wa Kenya, huingia Jipe. Kutoka Jipe, Mto Ruvu hurudi kwetu hadi bwawa la Nyumba ya Mungu, ambako maji hayo huzalisha umeme. Mvua ya milima yetu nayo hushukia ziwani, na siku hizi haishuki peke yake. Tunalima miteremko mikali bila matuta, udongo unakwenda na maji, na magugu yamelisonga ziwa hata mitumbwi ya wavuvi wa nchi zote mbili inapita kwa taabu. Huku tunapenda kusema kwamba matope yanaletwa na Lumi. Ni kweli yanaletwa, lakini haya ya mashambani mwetu tunayaficha wapi?

Wazee wetu, ambao wengi hawakuingia darasani, walijenga ndiva, maji yakajikusanya usiku na asubuhi wakayafungulia mashambani kwa zamu. Baadhi ya ndiva hizo sasa zimejaa udongo.

Nawaomba wanaotunga mitaala waruhusu somo lianzie kwenye mlima ulio nyuma ya shule, na wahusika watupatie ramani za wilaya zetu. Ninayotumia mimi nimeichora mwenyewe kwa makaa juu ya gunia, na kila mvua ikipiga dirishani Ziwa Jipe linafutika.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Ugweno, Mwanga.