AIBU NI YA NANI?

Mwezi wa Oktoba 1991 Bibi Anita Hill, mwalimu wa sheria, aliieleza kamati ya Seneti ya Marekani, wanaume 14 watupu, kwamba Clarence Thomas, aliyekuwa mkubwa wake kazini, alikuwa akimsemesha maneno machafu. Bwana huyo alikana yote, na Seneti ikampitisha kuwa jaji wa Mahakama ya Juu kwa kura 52 kwa 48.

Yatushughulishayo sisi ni watazamaji. Wote wawili ni watu weusi, na wengi katika weusi wenzao walimlaumu bibi: mbona awaanika jamaa zake mbele ya wazungu? Kweli au uwongo wa maneno yake likawa jambo la baadaye. Atukuzaye heshima ya jamaa huona msiba ni kusemwa. Atukuzaye haki huona msiba ni kutendwa.

Nasi tusijitie mbali. Binti wa ofisini akimshitaki mkubwa wake, swali la mwanzo barazani huwa, "Kwa nini alinyamaza siku zote?" Twaiita sitara. Sitara gani hiyo, imfunikayo mkubwa na kumwacha wazi mdogo? Na siku mshitakiwa atakapokuwa mwenzetu wa kadi, tutamsikiliza binti huyo, au tutahisabu kura kwanza?