Mayonesi Siyo Uji

Chupa ile niliinunua mimi mwenyewe. Naanza na hilo ili nikishaanza kugombana na watu mjue kwamba sijajitoa kwenye orodha ya washtakiwa. Nilitoka nayo Dar es Salaam, nikapanda nayo basi hadi Bariadi, nikaiweka mezani kwa mama kama zawadi ya mtu aliyefika mjini. Mama alikuwa na mwaka mmoja tangu aambiwe hospitali kwamba ana kisukari. Chai alikuwa anakunywa kavu, soda ameacha, hata ndizi mbivu alikuwa anazihesabu. Akatia mayonesi yangu kwenye kabichi iliyokatwa nyembamba, akaonja, akasema, "Ng'wana wane, hii tamu kweli."

Siku ya tatu mpwa wangu wa darasa la sita, ambaye wakati huo alikuwa anajizoeza Kiingereza kwa kusoma kila kitu chenye maandishi, akaichukua chupa akaanza kutafsiri kwa sauti. Maji. Mafuta. Sukari. Wanga. Alipofika kwenye wanga akarudi nyuma: "Bibi, hii ina sukari." Mama akaniangalia, halafu akaangalia kabichi. Hakusema kitu. Angefoka ningeona afadhali.

Najua mtakachosema. Kijiko kimoja cha mayonesi hakiui mtu, na sukari iliyomo ni kidogo sana ukiilinganisha na ya soda moja. Ni kweli, na sidai kwamba mama aliugua kwa sababu ya kabichi. Ninachodai ni kwamba yule mama aliyeinyima chai yake sukari kwa mwaka mzima, kwa nidhamu ambayo mimi sina, alilishwa sukari na mwanawe bila kuulizwa, ndani ya kitu ambacho hakina sababu yoyote ya kuwa na sukari. Orodha ya vilivyomo huanza na kile kilicho kingi kuliko vyote. Kwenye ile chupa maji yalikuwa ya kwanza na sukari ya tatu. Yai lilikuwa la sita.

Ugomvi wangu wa kwanza ni na neno moja la Kiswahili, "tamu". Tunalipenda, na tunalitumia vibaya. Ugali na sato wa kuchoma tunasema mtamu. Asali tamu. Nyimbo tamu, usingizi mtamu, hata maji ya kisima fulani matamu, kwa maana tu kwamba hayana chumvi. Neno moja tumelibebesha mambo mawili yasiyofanana: kitu chenye sukari na kitu kinachopendeza mdomoni. Mwenye kiwanda hakuhitaji kutudanganya. Anatia sukari, sisi tunaonja, tunasema "tamu", na tayari tumemsifia mapishi.

Hili nililigundua nikiwa mbali. Nilisoma Nanjing, China, kwa miaka mitatu. Kule maneno ni mawili. Kitu cha sukari ni "tian". Chakula kinachonoga ni "haochi", yaani kizuri kuliwa. Mtu akikupikia samaki ukamwambia ni "tian" atakwenda jikoni kuangalia kama amekosea kopo. Na ile alama ya kuandikia "tian" ina alama ya ulimi ndani yake, upande wa kushoto. Niliikariri mapema kwa sababu nilikuwa naitafuta madukani ili niikimbie. Sosi nyeupe za kutia kwenye saladi nilizozikuta kule nyingi zilikuwa tamu, tamu ile ya sukari, na watu wanazimwagia matunda. Hawajifichi lakini. Alama ya ulimi ipo mbele ya chupa, kubwa, kwa rangi. Mnunuzi anajua anachochukua.

Kwa nini nilikuwa naitafuta mayonesi? Kwa sababu ya viazi vitamu (na hapo tena lile neno). Majira ya baridi, pembeni mwa barabara, wazee wa Nanjing huchoma viazi vitamu kwenye mapipa ya chuma. Ukikishika mkononi kinakuunguza, ukikipasua ndani ni cha njano na kinavuja asali yake. Mtoto wa Simiyu akiona kiazi anaona nyumbani. Kwetu tumekulia kwenye michembe na matobolwa. Sasa kiazi kile kimeshajaa sukari yake chenyewe. Kinataka kitu cha chumvi, chenye ukali wa ndimu na mafuta ya kukilainisha. Ukikipaka ile sosi ya dukani unakuwa umepaka uji juu ya uji.

Basi nikatengeneza mwenyewe, bwenini, kwa bakuli na uma. Kiini cha yai kimoja, chumvi, haradali kidogo, mafuta ya soya tone baada ya tone, na siki. Mara ya kwanza nilitumia siki nyeusi ya Zhenjiang, maarufu mkoa ule, nikapata kitu chenye rangi ya matope ya Mto Simiyu wakati wa masika. Mara ya pili nilimimina mafuta kwa haraka ikakatika, kama maziwa yanavyokatika. Jirani yangu wa chumba, Msudani, ndiye aliyenionyesha dawa yake: chukua kiini kingine kwenye bakuli safi, kisha ile iliyokatika uirudishe humo polepole kana kwamba ndiyo mafuta. Ikashika. Yai lina lesithini, ambayo kwa upande mmoja inashikana na maji na kwa upande wa pili na mafuta. Hapo hakuna kazi ya sukari. Sukari haishikanishi kitu.

Sasa sukari inakuja kufanya nini? Inakuja kuziba pengo. Mayonesi ya kweli karibu yote ni mafuta. Uholanzi, kwa mfano, sheria iliwahi kudai angalau asilimia 70 ya mafuta na asilimia 5 ya kiini cha yai ndipo chupa iruhusiwe kuitwa mayonesi, na ile sosi nyepesi ya chipsi yenye mafuta machache ilibidi iuzwe kwa jina lingine. Mafuta na mayai ni ghali, maji ni rahisi. Ukipunguza mafuta ukajaza maji, inakuwa nyepesi, unaitia wanga ili iwe nzito. Ukiitia wanga inapooza, unaitia sukari ili ulimi usilalamike. Huo ni uji wa baridi uliopewa siki. Sina ugomvi na uji. Uji mwenyewe nakunywa kila asubuhi. Lakini uitwe uji.

Na hapa nataka kuwarudia watu wa kwetu, maana wenye viwanda siwajui na hawatasoma makala hii.

Mkoa wa Simiyu ulizaliwa mwaka 2012, ukamegwa Shinyanga na kipande cha Mwanza, na tangu uzaliwe hakuna sherehe ya serikali isiyoutaja kwa pamba. Pamba ni kwetu. Wilaya zote tano, Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega, ukipita wakati wa mavuno unaona marobota na malori. Lakini wengi wetu tukisema pamba tunawaza nyuzi. Katika kila kilo 100 za pamba mbegu anayopeleka mkulima kwenye chama cha ushirika, nyuzi ni kama theluthi moja. Zinazobaki, karibu zote, ni mbegu, na mbegu ni mafuta. Zikikamuliwa, mashudu yanakwenda kwa ng'ombe na mafuta yanabaki. Marekani, mafuta ya mbegu za pamba ndiyo yaliyokuwa baba wa mafuta ya mimea ya jikoni. Crisco, mafuta ya mgando yaliyoanza kuuzwa mwaka 1911, yalitokana nayo. Yakisafishwa hayana harufu wala ladha ya kushindana na chakula, na ndiyo maana watengeneza mayonesi wa kule waliyapenda.

Kwa hiyo fikiria ile chupa yangu. Imetoka nje ya nchi, imevuka bahari, imepanda lori, imepanda basi na mimi, imepita mashamba ya pamba ya Maswa, imeingia Bariadi ambako kuna mafuta, ambako kuku wa kienyeji wanataga uani na ndimu zinauzwa kwa mafungu sokoni. Ndani yake kuna maji na sukari. Na mimi niliyeibeba nina shahada mbili.

Kuna atakayesema mayonesi siyo chakula chetu, tuachane nayo. Aende kwenye send-off yoyote Bariadi arudi aniambie. Kabichi na karoti iliyovurugwa na mayonesi iko mezani pembeni ya pilau na kuku, na asiyeichukua anaonekana ametoka porini. Kwenye banda la chipsi ipo kwenye chupa laini iliyotobolewa kifuniko. Tumeshaikaribisha. Kilichobaki ni kuamua inakuja na nani.

Wa pili atasema mafuta ya pamba yana sumu. Huyu nampa nusu ya hoja. Mbegu ya pamba ina gosipoli, na mafuta ghafi yasiyosafishwa, yale ya rangi ya damu iliyoganda, siyo ya kula. China, karne iliyopita, kulikuwa na vijiji vilivyopikia mafuta ghafi ya pamba na wanaume wakakosa watoto, hadi watafiti wakaanza kuichunguza gosipoli kama dawa ya kupanga uzazi kwa wanaume. Niliposimulia hili nyumbani, shangazi alicheka mpaka akakaa chini, halafu akaamka akaenda kuangalia dumu lake. Kwa hiyo nunua yaliyosafishwa. Ukikosa, alizeti ya Singida haina kesi.

Jambo moja ambalo hakuna aliyenionya: mafuta ya pamba yakiingia kwenye ubaridi huanza kuganda, na yakiganda yanavunja mayonesi. Ya kwanza niliyotengeneza Bariadi ilikuwa nzuri saa sita mchana, kesho yake kwenye friji ilikuwa imeachana, mafuta juu na maji chini. Nikadhani nimesahau kazi. Viwandani huyapoza mafuta kwanza na kuchuja kile kilichoganda, kisha ndiyo huyatumia. Nikafanya hivyo hivyo: chupa ya mafuta kwenye friji usiku kucha, asubuhi nikamimina yaliyo maangavu juu, yaliyoganda chini nikayaacha ya kukaangia. Ikashika.

Wa tatu, na huyu namheshimu, atasema mayai mabichi. Ana haki. Kwenye joto letu na umeme wetu, yai bichi siyo la kuchezea, hasa kwa mjamzito, mtoto mdogo au mgonjwa. Kwa mama sikuthubutu. Wareno na Wabrazili wana yao ya maziwa, haina yai kabisa: kikombe kimoja cha maziwa yaliyochemshwa yakapoa vizuri, vikombe viwili hadi vitatu vya mafuta yanayoingia taratibu huku blenda inazunguka, chumvi, punje ya kitunguu saumu, na mwishoni ndimu, ambayo inaikaza mbele ya macho yako. Meatu vijana wamefungasha maziwa, Maswa wametengeneza chaki, na miaka mitatu mfululizo, 2018 hadi 2020, Nanenane ya kitaifa ilikuwa hapa kwetu Nyakabindi, viongozi wakipita kwenye mabanda kuangalia vitu vilivyotengenezwa na mikono yetu. Msiniambie mayonesi ndiyo imetushinda.

Mama alivyoionja ya maziwa alikunja uso. "Haina utamu," alisema. Nikamuuliza utamu upi. Akafikiria. "Ule wa mwanzo." Sikubishana naye. Niliendelea kuitengeneza kila Jumamosi, kidogo, ya kuisha siku mbili. Wiki ya kwanza alikula kwa kunionea huruma. Wiki ya tatu alianza kuipaka juu ya kiazi kilichochemshwa, nusu kiazi, maana kiazi nacho anakihesabu. Mwezi wa pili tulialikwa kwenye kipaimara, akachota kabichi ya ukumbini, akatafuna mara mbili, akanisogelea sikioni: "Wameweka sukari hawa." Alisema kwa hasira. Nilifurahi kuliko siku niliyopata shahada.

Mafuta ni mafuta, hilo nalo naliandika kabla muuguzi yeyote hajaniandikia. Anakula kijiko kimoja, siyo bakuli. Lakini ni kijiko anachokijua.

Sasa binti wa shangazi ana send-off mwezi ujao, na wiki iliyopita nilikwenda kwenye kikao cha kamati kuomba kabichi iwe mikononi mwangu. Mpishi aliyekodiwa alinisikiliza akiwa amekunja mikono. Akaniambia, "Dada, wageni 300. Isipokuwa na utamu wataniambia nimelala." Nikamwambia lita 2 za maziwa, lita 5 za mafuta, ndimu fungu mbili, barafu na blenda ya kuazima, na natengeneza asubuhi ya siku yenyewe. Akamgeukia mwenyekiti. Mwenyekiti akaangalia bajeti, akauliza ile ya dukani ni chupa ngapi na ni shilingi ngapi. Wakapiga hesabu kwenye simu, wakarudia tena. Mwisho mpishi akasema, "Lete kwanza kopo moja Jumapili tuonje," na akaongeza, bila kunitazama, kwamba na yeye mama yake ana sukari.