Maji Miguuni pa Abiria

Barabara kuu itokayo Bujumbura kwenda Nyanza-Lac huandamana na ufuko wa Ziwa Tanganyika. Baada ya mji wa Rumonge na mashamba yake ya michikichi, msafiri hufika Kigwena, penye msitu wa asili ulio karibu na ziwa. Hewa ya huko ni ya joto na imejaa unyevu. Mwenye gari lenye kipoza hewa hukiwasha mapema, hasa akiwa amepakia watoto.

Siku moja mama wa nyumba hukanyaga zulia la gari akakuta limelowa. "Baba watoto," huuliza, "maji haya yatoka wapi, nayo mvua haikunyesha leo?" Mume, ambaye pengine ni askari aijuaye bunduki kuliko injini, hudhani mtambo mzima umekufa. Hapo ndipo fedha zilizowekwa kwa ajili ya karo huanza kuhesabiwa upya.

Fedha hizo zisiguswe kwanza. Chupa ya soda baridi ikiwekwa mezani hutoka jasho, wala haivuji. Unyevu wa hewa umegusa kitu cha baridi ukageuka maji. Ndivyo ilivyo nyuma ya dashibodi, ambamo hewa ya moto hupita katikati ya mabati membamba yaliyo baridi sana. Mmarekani Willis Carrier alipobuni mtambo wake mwaka 1902, kwa ajili ya kiwanda cha uchapaji mjini Brooklyn, shabaha ilikuwa kupunguza unyevu uliokuwa ukiharibu karatasi. Kutoa maji, basi, ni kazi ya kipoza hewa tangu asili yake.

Maji hayo hudondokea katika sinia ndogo, kisha hushuka kwa mpira mwembamba hadi chini ya gari. Kidimbwi kidogo chini ya gari lililosimama ni dalili njema. Mpira huo ukizibwa na vumbi, majani, matope au viota vya wadudu, sinia hujaa na maji humwagika ndani, mara nyingi miguuni pa abiria wa mbele.

Kabla ya kutengeneza, yafaa kuyatambua maji yenyewe. Yakiwa meupe, hayana harufu, na huonekana kipoza hewa kikifanya kazi, shaka kubwa ni mpira ulioziba. Yakionekana baada ya mvua tu, itazamwe mipira ya milango na ya kioo cha mbele. Yakiwa na rangi, yakinata vidoleni na kunukia utamu, hayo ni maji ya rejeta. Ni sumu, watoto wasiyaguse, na gari lipelekwe kwa fundi.

Mpira ulioziba huzibuliwa hivi. Gari lisimamishwe mahali tambarare, injini izimwe na kupoa, breki ya mkono ivutwe na magurudumu yawekewe mawe. Mtu asiingie chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake. Ncha ya mpira hutafutwa chini, karibu na ukuta unaotenga injini na chumba cha abiria. Husafishwa polepole kwa waya laini wenye ncha butu, usisukumwe mbali, kwa maana waya mkali waweza kutoboa mabati ya kupozea. Upepo wa pampu ya gereji nao usitumiwe kwa nguvu, kwani waweza kuuchomoa mpira mahali pake. Uchafu ukitoka, maji hububujika. Aliye chini na akinge macho.

Chujio la hewa, ambalo katika magari mengi limo nyuma ya kisanduku cha mbele ya abiria, lisafishwe au libadilishwe. Kisha kipoza hewa kiwashwe kwa robo saa, gari likiwa limesimama mahali pa wazi. Matone yakidondoka chini, kazi imekwisha. Yasipodondoka na zulia likaendelea kulowa, huenda mpira umechomoka au sinia imepasuka, na hapo fundi anahitajika.

Linalosahauliwa na wengi ni zulia lenyewe. Chini yake mna godoro la sufi linywalo maji na kuyahifadhi kwa siku nyingi. Humo huota ukungu uletao harufu mbaya, na mtoto mwenye pumu huweza kuanza kukohoa kila aingiapo garini. Bati la sakafu hushika kutu, na nyaya zipitazo hapo huharibika. Kwa hiyo zulia na godoro viinuliwe, vikamuliwe na kuanikwa juani mpaka vikauke kabisa.

Wahenga waliasa kwamba asiyeziba ufa atajenga ukuta. Katika gari lipitalo kando ya ziwa mambo ni kinyume: asiyezibua tundu ndiye atakayenunua sakafu.