Siku ya Boti Obhur: Spika Ibaki Nyumbani



Kila msimu wa baridi ukiingia hapa Jeddah, jamaa zetu wa Aziziya hukodi boti Obhur, Ijumaa au Jumamosi. Jambo zuri, wala sina neno nalo. Neno ninalo na ile spika. Hupigwa tangu gatini mpaka kwenye miamba, vijana wameinamia simu, na wazee wamekaa nyuma kama mizigo ya watu. Sasa lipo pendekezo la kukodi boti kubwa ya ghorofa mbili. Rai yangu ni kinyume: tukodi mbili ndogo, na spika tusiichukue.

Mimi nimekulia Pemba. Tukienda Unguja kwa jahazi, upepo ukikataa hulala baharini. Hapakuwa na cha kuchezea ila mshipi na maneno. Nahodha akituuliza sisi watoto upepo unatoka wapi, na aliyekosea akishuka ngamani kufua maji. Kusi na kaskazi nilizijua kabla sijalifikia somo la jiografia.

Januari iliyopita betri ya spika ilikufa saa nne asubuhi. Shangazi yangu, aliyekwisha pita miaka 80, akatoa mkobani mshipi uliozungushwa kwenye kibao, akachomeka kipande cha ngisi. Mjukuu wangu wa miaka 9, ambaye nyumbani humjibu kwa Kiarabu tu, akasogea kuushika. Samaki alipotoka akapiga kelele, "Hamur!" Shangazi akasema, "Chewa huyo, mwanangu." Walibishana mpaka nikaitwa kuamua. Wote wawili walikuwa wamesema kweli.

Kisha vikaja vitendawili. Watoto walipokosa jibu wakaambiwa watoe mji. Mmoja akatoa Makkah. Shangazi akakataa, Makkah haitolewi. Akatoa Riyadh, akakataa tena, huko hakuna bahari, atafikaje? Ikabidi wafundishwe miji ya kutoa, na mpaka tunarudi walikuwa wameshaigawa pwani nzima, Barawa hadi Kilwa. Nimefundisha miaka mingi, na darasa langu la jioni halijapata kutoa Kiswahili kingi hivyo. Sababu naijua: botini mtoto hana pa kukimbilia.

Tuondoke mapema baada ya sala ya Alfajiri, kwani mchana upepo wa kaskazini-magharibi huamka na Bahari ya Sham ikachafuka. Kila mtu avae boya, wazee nao wasione haya. Sisi Wapemba hatuhitaji kukumbushwa Septemba 2011, Spice Islander ilipozama karibu na Nungwi ikielekea kwetu.

Wanaotaka ghorofa mbili wanasema wazee watapata nafasi zaidi. Shangazi hawezi kupanda ngazi zake, na ameshaniuliza mara tatu safari ya pili ni lini. Jina lake nimeliandika la kwanza katika orodha ya boti ndogo.